Mpiga Drams, Umeandikwa Wapi?

Ingia kanisa lolote kubwa pale Meru ama Embu siku ya Jumapili. Nyuma ya drams kuna kijana amefumba macho na waumini wote wanamfuata. Wengi wao walijifunzia hapo hapo, bila karo wala cheti.

Siku moja produsa anampigia simu: kuna msanii wa soul anarekodi Nairobi, njoo. Anadandia matatu, anapiga nyimbo tatu, anapewa pesa ya siku na nauli ya kurudi. Miezi michache baadaye anausikia mdundo wake redioni akiwa Runyenjes. Karatasi? Hana hata moja.

Wengi wetu hudhani ile pesa ya siku ndiyo mwisho wa hesabu. Sivyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mpiga ala haki yake kama mtumbuizaji, na haki hiyo hudumu miaka 50 baada ya kurekodi. Kifungu cha 30A kinataka rekodi ya kibiashara ikichezwa redioni, watumbuizaji walipwe pamoja na mwenye rekodi. PRISK ndicho chama kilichoundwa kuwakusanyia watumbuizaji, wapiga ala wakiwemo. Shida ni moja: hakuna chama kinachoweza kumlipa mtu asiyeandikwa popote.

Muulize Clyde Stubblefield, aliyempigia drams James Brown. Mwaka wa 1969 walirekodi "Funky Drummer". Wasanii wa hip hop wakakata kipande chake cha drams wakakitumia kwenye mamia ya nyimbo. Aliyeandikwa mtunzi ni Brown pekee. Stubblefield alifariki 2017 bila kuonja sehemu kubwa ya utajiri huo. Hata kule Motown, bendi ya studio ilingoja hadi 1971 ndipo majina yao yakaandikwa kwenye albamu ya Marvin Gaye.

Na tusijifanye ni mambo ya Marekani tu. Katikati ya Embu na Meru kuna Chuka, na Kenya nzima inawajua wapiga ngoma wa Chuka. Hebu taja jina la mmoja wao.

Najua utasema pesa za mirabaha ni za peremende. Ni kweli, 2019 wasanii walipiga kelele baada ya kupokea kama Sh2,500 kila mmoja. Lakini vita vya kuongeza hicho kiasi havikuhusu kama jina lako halimo.

Kwa hivyo kabla hujashika vijiti, andika jina lako, jina la wimbo, tarehe na malipo, produsa atie sahihi, kisha upige picha na simu. Halafu jisajili. Ukiambiwa "tutaandikiana baadaye, bro", toa kalamu yako mwenyewe.