Ndege Huyu Anakula Nini?

Wamama wapenzi, wiki hii tufundishe watoto kumjua ndege kwa maswali matatu: anakaa wapi, anakula nini, na anakipata chakula chake namna gani?

Kandokando ya Ziwa Tanganyika, mdiria mweusi na mweupe husimama hewani akipiga mabawa, halafu hutumbukia kichwa mbele na kutoka na samaki mdogo. Katika uwanda wa Ruzizi, yangeyange hufuata ng'ombe ili ale panzi wanaorushwa na kwato. Kwenye ua la mgomba, chozi huingiza mdomo wake uliopinda na kunyonya utamu.

Na bundi? Watoto humpiga mawe kwa sababu wamesikia analeta kifo. Lakini bundi yule wa uso mweupe, anayekaa darini, huwinda panya usiku. Humeza panya mzima, kisha hutapika kidonge cha manyoya na mifupa. Tukivunje kidonge hicho kwa kijiti, tuwaonyeshe watoto fuvu la panya, halafu tunawe mikono kwa sabuni.

Panya huyo ndiye anayemaliza mahindi na mihogo yetu. Basi mtoto akiokota jiwe, tumuulize kwanza: ndege huyu anakula nini?