Uchambuzi: Muuza kuku aliyefika Ikulu, na mkimbizi mwenye kibanda

GATSATA, Kigali – Hapa Gatsata, kati ya magereji na maduka ya vipuri, siasa za Kenya zinafuatiliwa kwa karibu. Wakongomani na Warundi wengi wanaoishi mjini hapa wana ndugu Kakuma, kwa hiyo swali ni la nyumbani: William Ruto ni mtu wa wachuuzi kweli?

Ruto alizaliwa 1966, Uasin Gishu. Mwenyewe husimulia kwamba ujanani aliuza kuku kando ya barabara. Aliingia bungeni 1997, akawa waziri wa kilimo 2008, naibu wa rais 2013. Kesi yake ICC ilikatishwa Aprili 2016. Mwaka 2022 aliomba kura kwa jina la “hasla”, mtu anayehangaikia riziki, akashinda kwa asilimia 50.49. Wakati huo alikuwa tajiri tayari, lakini watu walikumbuka kuku.

Sisi tukumbuke mengine. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, Ruto aliipa UNHCR miezi mitatu iwaondoe wakimbizi wa Dadaab. Hawakuondolewa. Machi 2025, akiwa rais, alizindua Mpango wa Shirika, unaolenga kugeuza Dadaab na Kakuma kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia huduma zilezile.

Sidhani kama moyo wake umelainika. Naona amepiga hesabu. Mwaka 2018, IFC, tawi la Benki ya Dunia, ilikadiria uchumi wa Kakuma kuwa dola milioni 56 kwa mwaka, na biashara zaidi ya 2,000. Aliyewahi kuchuuza anajua soko akiliona.

Tatizo ni karatasi. Mfuko wa Hustler, aliouzindua Novemba 2022 kuwakopesha wafanyabiashara wadogo kwa simu, unadai kitambulisho cha taifa cha Kenya. Mama mkimbizi anayeuza vitenge Kakuma ni hasla kamili, ila mkopo huo haumhusu.

Kuna jambo lingine la kuangalia. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyotiwa saini na Uhuru Kenyatta, inamruhusu mtu wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuacha hadhi ya ukimbizi ili apate haki za mkataba wa Jumuiya. Burundi na Kongo zimo. Kama una ndugu huko, mwambie asikimbilie kusaini. Anaacha pia ulinzi unaoambatana na hadhi hiyo, na aliyekimbia vita hana pa kurudi. Aulize kwanza, apewe jibu kwa maandishi.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Habari za kuku zitarudi majukwaani. Waandishi wa Nairobi wamwulize hivi: mfanyabiashara wa Kakuma anayetaka kwenda Eldoret kununua mzigo, kibali chake cha kusafiri kinachukua siku ngapi?