Hata Suji tunaimba sauti nne

Asante kwa makala, ila hapo uliposema Bach na Handel ni muziki wa watu wa mjini, nimecheka. Shuka Same, panda gari la Suji au la Mbaga, ukasikilize. Wasabato wa Kijerumani walifika Upare mwaka 1903, Walutheri wa misheni ya Leipzig walishatangulia, na wote walikuja na nyimbo za sauti nne. Leipzig ndiko Bach alikofanya kazi tangu 1723 hadi kifo chake 1750. Bibi yangu hakuwahi kufika hata Dar, lakini alto yake ilikuwa imenyooka.

Kuna jambo hukuligusa. Chasu, lugha yetu Wapare, ni lugha ya toni: sauti ikipanda au kushuka, neno laweza kugeuka. Sasa weka maneno ya Chasu juu ya tuni ya Kijerumani, ipande pale neno linapotaka kushuka! Babu alikuwa akikunja uso kanisani, mimi nikidhani ni ucha Mungu. Kiswahili kina nafuu, ingawa nacho mkazo wake huburutwa ovyo ili silabi zienee.

Kinanda hatukuwa nacho. Mwalimu wa kwaya alitoa "do" kwa mdomo, tukasoma solfa ubaoni, sisi wa besi tukibanana nyuma. "Haleluya" ya Handel tuliimba Krismasi, wakati mwenyewe, 1741, aliiweka mwisho wa sehemu ya mateso na ufufuko. Hakuna aliyelalamika.