Udongo Wenye Sumu: Kuchoma si Kupasha Joto

Neno moja lisiloteuliwa vyema huweza kuipotosha jamii nzima. Yanapojadiliwa mapambano dhidi ya uchafuzi wa ardhi, aghalabu husemwa kuwa udongo wenye sumu "huchomwa." Msikilizaji hukumbuka taka ziteketezwazo uani, akadhani mambo hayo ni mamoja. Kumbe taka za plastiki zichomwapo ovyo huweza kuzalisha dayoksini, sumu ile ile ambayo wataalamu huiangamiza kwa joto.

Mfano maarufu ni uwanja wa ndege wa Da Nang nchini Vietnam. Wakati wa vita, majeshi ya Marekani yalihifadhi hapo dawa za kuua mimea zilizokuwa na dayoksini, nazo zikapenya udongoni. Baina ya mwaka wa 2012 na 2018, nchi hizo mbili zilishirikiana kuusafisha. Udongo ulirundikwa ndani ya kuta, ukafunikwa, mabomba yenye vipasha joto yakachomekwa ndani yake hadi ukafikia takriban nyuzi 335 za Selsiasi. Sehemu kubwa ya sumu iliangamia mumo humo, na mvuke uliotoka ukanyonywa na kuchujwa. Hapakuwa na ndimi za moto wala moshi wa kutanda angani. Huko si kuchoma. Ni kutoa sumu kwa joto.

Hata hivyo, joto si dawa ya kila ndwele. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi madini ya risasi. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru udongo usafishwe. Mwaka wa 2024 Mahakama ya Juu ikaidhinisha tena fidia hiyo. Lakini risasi ni elementi: tofauti na dayoksini, haivunjwi na joto. Yapasa iondolewe pamoja na udongo, au ifungwe isisambae. Mkazi akiambiwa udongo wake "utachomwa," atakuwa amepotoshwa mara mbili.

Basi kazi ya istilahi isiachiwe wanakemia pekee. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu wa kuzitofautisha dhana hizi kwa maneno ambayo mwanakijiji atayafahamu. Asiyeelewa udongo wake utafanyiwa nini, hawezi kudai ufanyiwe ipasavyo.