Sauti kama ya Mtu Aliye Kisimani

Baba aliye zamu mbali hutamani kusikia sauti ya mwanawe. Jirani yetu mmoja, askari, alifungua simu jioni amtazame kijana wake akirusha mchezo wa kompyuta katika intaneti. Picha ilikuwa safi, lakini sauti ilikuwa kama ya mtu aliye kisimani. Kijana alikwisha azimia kununua kipaza sauti cha thamani kwa fedha za ada ya shule.

Haja haikuwapo. Alikuwa akitumia visikilizi vya Bluetooth, visivyo na waya. Kipaza sauti chake kikifunguliwa, aghalabu visikilizi hivyo huhamia hali ya simu: sauti hupimwa mara 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde, ambapo kompyuta huweza kuipima mara 48,000. Ndiyo sababu hufifia.

Dawa ni hii. Kwanza, tumia kipaza sauti cha waya, hata cha bei ndogo, na ukichague katika kompyuta. Visikilizi vibaki vya kusikilizia tu. Pili, kiweke karibu na mdomo, pembeni kidogo, pumzi isikipige. Tatu, katika programu ya kurushia, kama OBS Studio, sema kwa nguvu kama mchezo unapopamba moto, kisha punguza sauti hadi kipimo kisiguse rangi nyekundu. Mwisho, jirekodi dakika moja, ujisikilize.

Basi wazazi, tafuteni sababu kabla ya kufungua mkoba. Ada ililipwa, na baba akaisikia "Shikamoo" ya mwanawe barabara.