Kambi ya masika haihitaji mafuta ya taa

Masika ya Lushoto hayana huruma na kuni. Alasiri ukungu unashuka kutoka Magamba, manyunyu yanafuata, na ikifika magharibi kila kijiti kilicholala chini kimelowa chepechepe. Hapo ndipo, katika kambi nyingi za wanafunzi na skauti, utamwona mtu mzima akitoa chupa ya mafuta ya taa. Yakikosekana, atatafuta kipande cha ndala kuukuu au chupa ya plastiki. Nimelea skauti milimani huku kwa miaka mingi, na nasema wazi: tabia hiyo ikome.

Kwanza, haisaidii. Ukuni mbichi unaweza kubeba maji yanayofikia nusu ya uzito wake, na lazima yatoke ndipo ukuni ushike. Kuyachemsha ni kazi ndogo. Kuyageuza yakawa mvuke hudai joto zaidi ya mara tano ya lile la kuyapandisha kutoka nyuzi 0 hadi 100. Mafuta huwaka juu ya gogo kwa muda mfupi, yakaisha, gogo likabaki jeusi na maji yake ndani. Ndipo mtu huongeza mafuta juu ya makaa, na mwali ukarukia mkono na chupa. Plastiki nayo moshi wake ni sumu, na mahindi ya watoto yanachomwa kwenye moshi huohuo.

Kuni kavu zipo hata mvua ikinyesha, ila haziko chini. Namfundisha mtoto atazame juu, atafute tawi lililokufa ambalo bado liko mtini au limenasa kwenye matawi mengine. Alivunje. Likikatika kwa mlio, alichukue, likipinda, aliache. Kisha panga. Ukuni mnene kiasi cha kifundo cha mkono husimamishwa, makali yakawekwa kwenye ncha yake, panga likagongwa mgongoni kwa kipande cha mti hadi ukuni upasuke. Mvua iliishia kwenye gome. Ndani ni pakavu. Hapo anachonga maranda membamba yaliyojikunja, mengi kuliko anavyodhani yatatosha. Huku kwetu tuna bahati ya misindano: kisiki chake cha zamani kilichojaa utomvu huwaka hata kikiwa na unyevu. Muwati mkavu nao hutunza moto vizuri.

Moto hauwashwi juu ya matope. Tunapanga fito zikae kama kitanda, juu yake maranda, kisha vijiti vya unene wa njiti ya kibiriti, vya penseli, vya kidole. Anayeweka gogo mapema anauzima. Kuni zinazofuata huzungushwa kando zikauke kwa zamu. Watoto huichukia hatua hii kwa sababu ya kungoja, nami naipenda kuliko zote: nimeona kikosi cha watoto watundu kikinyamaza kimya, kinakinga mwali mdogo kwa kofia na viganja.

Wapo wanaotaka watoto wasifundishwe moto kabisa, na hukumbusha ule wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020. Hofu yao ni halali. Ndani ya hifadhi sheria ifuatwe, na mti ulio hai usiguswe. Lakini mtoto aliyehangaikia moto mvuani hufundishwa papo hapo na kuuzima: amwage maji, akoroge majivu, asogeze mgongo wa kiganja karibu asikilizie joto, amwage tena.

Wazazi huniuliza pia kuhusu panga. Watoto wengi wa Lushoto wanalijua tangu shambani. Wanachokosa ni mtu wa kuwaonyesha mguu ukae wapi na mwenzao asimame umbali gani. Basi nawaomba walimu wakuu wanaopanga kambi za likizo: kwenye orodha ya vifaa futeni mafuta ya taa, andikeni panga moja lililonolewa kwa kila kikosi na kibiriti ndani ya kopo lenye kifuniko, na mtenge saa nzima ya kuni kabla ya zamu ya wapishi kuanza.