Kuchagua Fani Pale Milango Inapokuwa Michache

Kila mwaka, matokeo ya mitihani yanapotangazwa, mwalimu wa sekondari hupata wageni wa aina moja: kijana aliyeshika karatasi ya alama zake, na mzazi nyuma yake, wakiuliza, "Sasa asome nini?" Swali hilo ni la haki, ila mara nyingi limechelewa. Hoja yangu ni kwamba fani ya chuo haichaguliwi siku ya kujaza fomu. Huanza kuchaguliwa katika kidato cha pili, kijana anapoamua, au anapoamuliwa, masomo ya kuendelea nayo.

Tuutazame mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mwanafunzi wa Tunduma amezungukwa na sayansi. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, yapita mjini kwake kuelekea Zambia. Kahawa yastawi Mbozi, na kituo cha utafiti wa zao hilo kipo Mbimba. Ileje ina makaa ya mawe. Wilaya ya Songwe ina dhahabu. Hata hivyo, kijana huyo akiulizwa atasoma nini, hutaja zile kazi mbili au tatu alizowahi kuziona: udaktari, ualimu, uwakala wa forodha.

Wapo wasemao, "Soma unachokipenda." Wengine husema, "Soma chenye ajira." Nawaheshimu wote, lakini mtu hawezi kukipenda asichokijua, na ajira za leo si lazima ziwepo atakapohitimu.

Mimi mwenyewe nilitaka udaktari wa binadamu. Alama zangu hazikutosha, nikapangiwa kemia, nami mwaka wa kwanza niliisoma kwa kinyongo. Kilichonigeuza ni swali dogo: kwa nini maji ya visima viwili vilivyo jirani huwa na ladha tofauti? Swali hilo ndilo lililonifikisha ng'ambo kwenye shahada ya uzamivu.

Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, litenge jina la fani na swali unalotaka kulijibu. Chukua mfano wa kimondo kilichopo Ndolezi, wilayani Mbozi. Mwanakemia atakuambia kuwa takriban asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Mwanafizikia atauliza kilishukaje, mwanajiolojia atauliza mbona shimo la mwanguko halionekani, na mwanahistoria atauliza mbona wenyeji hawana simulizi ya siku kilipoanguka. Jiwe ni moja. Milango ya kuliendea ni minne. Ukifungiwa mmoja, mitatu ingalipo.

Lakini ujue pia kila somo unaloliacha linafunga nini. Ukiacha fizikia na hisabati, uhandisi umekwenda. Ukibaki na kemia, baiolojia na jiografia, kilimo, misitu na mazingira bado vinakungoja. Wala usiidharau stashahada: chuo cha ufundi kilichoanza Mbeya mwaka 1986 leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na wapo wengi nchini walioanza na stashahada wakaishia na shahada.

Nisieleweke kwamba nausifu uhaba. Kampeni ya kujenga maabara 3 katika kila shule ya kata, iliyopamba moto mwaka 2014, iliinua kuta nyingi. Lakini kuta hazipimi asidi wala hazifundishi fizikia. Mwanafunzi aliyeacha fizikia kwa kukosa mwalimu hakuchagua, alichaguliwa. Deni hilo ni letu sisi watu wazima, na halilipwi kwa kumhimiza kijana awe na bidii.

Hadi litakapolipwa, mwalimu asisubiri karatasi ya matokeo. Amwite mwanafunzi wake akiwa kidato cha pili, amwonyeshe kila mlango na somo linaloufungua, ili akiuacha, auache kwa kujua.